Mashati Kumi na Matano kwa Siku

Mwalimu Nthiwa alimpa Kanyiva siku mbili za kuleta majina matano.

"Usiniletee watu usiowapenda," alimwambia. "Angalia daftari. Daftari halina chuki."

Kanyiva alikuwa msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule pale Tawa. Ilikuwa jengo la mabati lenye vyerehani kumi na viwili, meza moja ndefu ya kukatia vitambaa, na chumba kidogo cha nyuma ambamo Mwalimu aliweka kiti na kalenda. Nthiwa alifundisha shule za msingi miaka ishirini na minane kabla ya kustaafu na kununua vyerehani viwili vya kwanza, na watu waliendelea kumwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Kanyiva aliingia pale kama fundi akiwa na miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa na arobaini na mmoja, na kwa miaka sita hakuwa amekaa kwenye cherehani. Kazi yake ilikuwa kugawa kazi, kukagua mishono, na kila jioni kuandika kila fundi ameshona mashati mangapi.

Mwaka huo mambo yalikuwa yamekaza. Mvua ya Oktoba ilinyesha wiki mbili ikakatika, ndengu zikakauka zikiwa na maua. Wazazi walipunguza kila kinachoweza kupunguzwa. Mtoto aliyezoea kununuliwa mashati mawili shule zikifunguliwa alinunuliwa moja, au akavaa la kaka yake. Mteja mkubwa wa Mwalimu alikuwa Shamso, mwenye duka la sare huko Kyuso, aliyeuzia shule nyingi za kaskazini mwa Kitui. Alipiga simu akasema ataendelea kuchukua mashati, lakini kwa bei mpya. Hakubembeleza wala hakutisha. Alisema wazazi wa kwake hawana kitu, na watu wa Nairobi wameshampa bei hiyo. Mwalimu alikubali. Wateja wake wa mji wa Wote na wa Kathonzweni walisikia, nao wakataka hiyo hiyo.

Kwa hiyo oda hazikupungua sana. Kilichopungua ni kile kilichobaki baada ya kununua kitambaa, uzi na stima ya vyerehani. Mwezi wa kwanza wa bei mpya Mwalimu aliuza ng'ombe wawili ili alipe mishahara. Mwezi wa pili hakukuwa na ng'ombe wa kuuza.

Kanyiva alikaa na daftari jioni mbili. Mafundi walikuwa kumi na wawili, na kwa wastani kila mmoja alishona mashati tisa kwa siku. Aliyekuwa chini kabisa alikuwa Wayua, mashati saba. Wayua alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mwenye goti bovu, na ndiye aliyemfundisha Kanyiva kupachika kola isipinde. Katika miaka sita ya kukagua, Kanyiva hakuwahi kumrudishia Wayua shati hata moja. Lakini daftari lilikuwa na safu ya idadi peke yake. Mashati yasiyorudi hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Aliandika jina la Wayua kwanza, ili asije akapata muda wa kubadilisha nia. Kisha akaandika la Nzisa, na ya wengine watatu.

Siku ya Ijumaa Mwalimu aliwakusanya wote. Alianza kwa maombi, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuomba siku ya Ijumaa, kabla hajasema amina kila mtu alikuwa ameshajua. Alisoma majina akiwa amesimama. Alisema mambo yakinyooka atawaita tena. Hakuna aliyelia pale ndani. Nzisa alikusanya mkasi wake na chupa ya chai akatoka bila kuaga.

Wayua alikuja hadi kwenye meza ya Kanyiva.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, mwaitu," alisema Kanyiva. Tangu aingie pale alimwita hivyo, mama, kwa Kikamba.

"Nilikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Wayua alitikisa kichwa polepole. "Ni kweli. Mimi mikono yangu si ya haraka," alisema, akachukua mto aliokuwa akikalia, akaenda.

Jumatatu mafundi saba walikuta maandishi ya chaki ukutani: 15. Mwalimu aliwaeleza kwamba oda zinahitaji mashati mia moja na zaidi kila siku, na mia moja na zaidi ukigawa kwa saba ni kumi na tano. Mshahara wa siku ungebaki ule ule. Asiyeweza aseme mapema, maana huko nje kuna watu wanaotafuta kazi na wanajua kushona.

Wiki ya kwanza hakuna aliyepita kumi na moja. Mwalimu hakugomba. Alipita kati ya vyerehani mikono ikiwa nyuma, kama msimamizi wa mtihani, na wale saba waliinamisha vichwa. Wiki ya pili walifika kumi na mbili, kumi na tatu. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Kanyiva alihesabu jioni akahesabu tena. Kila mmoja alikuwa na kumi na tano.

Hakushangaa sana, kwa sababu aliona kwa macho yake jinsi karakana ilivyobadilika. Zamani watu walizungumza, walikwenda kununua mboga katikati ya kazi, walipokea simu za ndugu. Sasa chai ilinywewa mtu akiwa amekaa kwenye cherehani. Nyimbo za kwaya zilizokuwa zikiimbwa mchana zilikoma. Tena watu walianza kufika saa kumi na mbili asubuhi. Muli, mkataji wa vitambaa, ndiye aliyekuwa na ufunguo, na Kanyiva alipofika saa mbili alikuta vyerehani vinavuma kama mzinga.

Mwalimu alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa na hofu. Alimwambia Kanyiva kwamba usingizi umemrudia. Kanisani, baada ya ibada, aliwaeleza wenzake wenye maduka jinsi watu saba wanavyofanya kazi ya watu kumi na wawili. "Wakati mbaya unafundisha kuliko mimi nilivyofundisha," alisema, na wao walicheka, na mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mkate akaja kesho yake kutazama ile namba ukutani.

Yapata mwezi mmoja baada ya Pasaka, Mwalimu alimwita Kanyiva chumba cha nyuma.

"Nimepiga hesabu," alisema. "Kama saba wanatoa kumi na tano, watano wanaweza kutoa ishirini."

"Ishirini ni mengi, Mwalimu."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu kumi na tano."

Kanyiva alikumbuka. Ni kweli alisema hivyo.

"Sifurahii," Mwalimu aliendelea. "Shamso amenipigia tena. Anataka kushusha bei kidogo tena. Nikikataa tutafunga wote, na mimi na wewe tukiwemo. Nipe majina mawili kufikia Ijumaa."

Safari hii daftari halingemsaidia, maana wote saba walikuwa sawasawa, kumi na tano, kumi na tano, ukurasa mzima. Kwa hiyo Kanyiva aliamua kwamba atatazama mishono. Aliona deni lake kwa Wayua ni hilo, kwamba mara ya pili asihesabu tu. Jumanne, mafundi walipotoka kula, alichukua mafurushi ya siku iliyopita, akayafungua moja moja, akageuza mashati ndani nje.

Furushi la tatu lilikuwa la Syokau. Syokau alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi mwepesi kuliko wote, na mishono yake ilikuwa mirefu kidogo kwa ajili ya haraka. Mashati kumi yalikuwa ya namna hiyo. Mashati matano hayakuwa hivyo. Mishono yake ilikuwa mifupi, iliyobanana, na kwenye pembe za mfuko wa kifua, mahali ambapo watoto huchania kwa kuning'iniza kalamu, uzi ulikuwa umezungushwa mara tatu ukafanya pembetatu ndogo.

Kanyiva alitia kidole gumba pembeni ya mfuko. Mtu mmoja tu pale Tawa alishona pembetatu ile. Yeye mwenyewe alifundishwa akashindwa kuwa na subira nayo.

Aliendelea na mafurushi mengine. Kila furushi lilikuwa na mashati kumi, na mengine matano ya mkono mwingine. Mengine aliyatambua, mengine hakuyatambua.

Alimsubiri Syokau nyuma ya karakana, karibu na tangi la maji. Alikuwa ameshika shati moja.

"Wayua ameshona hili lini?"

Syokau alilitazama shati, halafu akatazama pembeni kama anayetarajia kuona wenzake wakija. Hawakuja.

"Jumamosi," alisema. "Nyumbani kwake."

"Tangu lini?"

"Tangu ile wiki ya pili. Mimi nilifika kumi na moja nikaona mikono imekataa. Nikimwangalia Mwalimu, ninaona jina langu. Jumapili nilimkuta Wayua kanisani, nikamwambia, nikuletee vipande vitano, nigawane mshahara wangu nawe? Akasema lete. Wengine wakasikia, nao wakatafuta watu wao."

"Vipande vinatokaje?"

"Muli anakata, anatuhesabia. Jioni ukishahesabu na kwenda nyumbani tunavitia kwenye vyondo vyetu vya sokoni. Asubuhi saa kumi na mbili tunarudisha mashati, tunaweka chini ya meza. Mchana yanapanda juu, moja moja."

"Kwa hiyo ninyi wenyewe mnashona mangapi?"

"Kumi. Bila kuongea, bila kuinuka. Ukitisha mtu sana utapata shati moja zaidi kwake, labda moja na nusu. Hupati sita."

Kanyiva alilikunja lile shati vizuri, kama linakwenda dukani. "Nani mwingine anajua?"

"Wote. Isipokuwa wewe na Mwalimu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ndiye mwenye kalamu," alisema Syokau. Hakusema kwa ubaya. Kisha akaongeza, "Watu watasema tulifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini ilikuwa woga zaidi."

Ndipo Kanyiva akamwambia habari ya watano na ishirini. Syokau alikaa kwenye jiwe la kufulia, akashika magoti.

"Tulidhani tunajiokoa," alisema.

Jioni ile Kanyiva alimweleza mume wake walipokuwa wakichambua mboga jikoni. Kivuva alikuwa mwashi. Tangu Desemba hakuna aliyekuwa akijenga, na jembe na kalamu ya mke wake ndivyo vilivyokuwa vikilisha watoto watatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukinyamaza?" aliuliza.

"Wawili watatoka. Halafu watano waliobaki watapeleka mashati kumi kila mtu nje badala ya matano. Halafu Mwalimu atasema watatu wanaweza."

"Na ukisema?"

"Sijui. Anaweza kufukuza wote. Anaweza kuniambia mimi ndiye sikuona, basi kazi ya msimamizi ni nini."

Kivuva alichambua majani kadhaa. "Hilo la mwisho nami ningeuliza," alisema. Alipoona uso wa mkewe, alitulia. "Sikukatazi. Nakuambia tu kwamba mahindi yaliyomo ghalani ni ya wiki tatu."

"Najua yaliyomo."

"Basi sema. Utasema tu, hata nikikataza. Sema asubuhi kabla hajanywa chai, akili yake ikiwa bado safi."

Kanyiva alisema asubuhi. Aliweka mashati mawili mezani, la Syokau na la Wayua, akamwonyesha Mwalimu pembe ya mfuko, akaeleza yote kwa mpangilio, bila kuficha jina la mtu kwa sababu alijua akificha moja hataaminiwa kwa mengine.

Mwalimu alichelewa kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Kitambaa changu kinatembea vijijini ndani ya vyondo?"

"Hakuna kipande kilichopotea, Mwalimu. Nimehesabu na Muli tangu mwezi wa tatu. Kilichokatwa ndicho kilichorudi."

"Sikuulizi kama kimepotea. Nimesimama mbele ya watu kanisani." Alikomea hapo, akatazama ukuta wa chumba, upande wa pili ambako ile namba ilikuwa imeandikwa. "Nitamwita chifu."

"Unaweza. Lakini kwanza njoo uone."

Alikataa siku ile. Alhamisi saa nne asubuhi alimwambia apande gari. Mwalimu aliendesha pikapu yake hadi kwa Wayua, kwenye njia ya mchanga iliyoteremka upande wa bonde. Kwa miguu ilikuwa saa nzima. Kanyiva hakuwa amewahi kufikiria saa ile moja, wala nyingine ya kurudi.

Chini ya banda la mabati pembeni ya nyumba kulikuwa na vyerehani vitatu vya miguu, vya zamani, rangi imebanduka. Wayua alikuwa kwenye kimoja, na wanawake wawili kwenye vingine. Nzisa alikuwa amekaa kwenye kigoda akipachika vifungo, na mwanamke wa tano alikuwa akipiga pasi ya makaa juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Walikuwa wakizungumza. Walipoona pikapu, walinyamaza, na mguu wa Wayua ukaacha kukanyaga.

"Karibu, Mwalimu," Wayua alisema. Aliinuka kwa kushika ukingo wa cherehani, akasogeza kiti. Mwalimu hakuketi. Alichukua shati kutoka kwenye rundo lililopigwa pasi, akaligeuza ndani nje. Katika miaka yote Kanyiva hakuwahi kumwona akigeuza shati. Alivuta mfuko kwa nguvu, na mfuko haukusogea.

"Hili ni la nani?"

"Langu."

"Unashona mangapi hapa?"

"Kumi na moja. Siku nyingine kumi na mawili."

"Kule kwangu ulikuwa unashona saba."

"Kule nilikuwa nafika nimechoka kwa kutembea. Tena kule nilipachika vifungo mwenyewe, nikatoboa matundu mwenyewe, nikapiga pasi mwenyewe. Nikikaa nikiinuka na goti hili, siku inaisha. Hapa mimi nashona tu. Nzisa ana macho, anapachika vifungo."

"Nani aliwaambia mgawane hivyo?"

"Tuna vyerehani vitatu na tuko watano," alisema Nzisa kutoka kwenye kigoda. "Wawili wangefanya nini?"

Mwalimu aliweka shati lile chini, akalinyoosha. Aliuliza kama wale saba wanawalipa. Wayua alimwambia wanawapa wanachoweza, siku nyingine pesa, siku nyingine unga. Alisema hawajagombana, ila mara moja, na hiyo mara moja iliisha.

"Kwa hiyo sijawahi kuwa na watu saba," alisema Mwalimu.

"Hujawahi," alisema Wayua.

Walimpa uji, akaupokea, akaunywa akiwa amesimama. Njiani kurudi Mwalimu aliendesha polepole mpaka walipofika kwenye lami. Pale alisema, "Umenipeleka kuona wajanja kuliko mimi," na Kanyiva hakujua kama ni lawama.

Ijumaa ilifika na hakuomba majina. Jumatatu iliyofuata aliwaita wote kumi na wawili, na wale watano aliwafuata kwa pikapu mwenyewe. Namba ilikuwa imefutwa ukutani, limebaki vumbi jeupe tu. Hakuanza kwa maombi.

Alisema kuanzia siku ile hakuna mshahara wa siku. Kila shati litalipwa bei yake, likishonwa Tawa au likishonwa nyumbani. Ambaye nyumba yake iko mbali achukue vipande kwa uwazi, Muli ataandika vinavyotoka na vinavyorudi. Wanaopenda kugawana kazi ya vifungo na pasi wagawane. Alitaja bei ya shati. Ilikuwa ndogo, na alisema yeye mwenyewe anajua ni ndogo. Akiongeza shilingi mbili tu Shamso atanunua kwingine.

Kulikuwa na manung'uniko, si ya furaha wala ya vita. Syokau alikuwa ameshapiga hesabu kichwani, akaona atapata zaidi kidogo kuliko awali. Wengine waliona watapata pungufu. Mmoja wa wale saba, mwanamke mwenye mtoto mchanga, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, na siku stima ikipotea?"

"Siku stima ikipotea hakuna shati."

"Zamani tungelipwa hiyo siku."

"Zamani, ndiyo."

Mwanamke yule alishusha mkono. Wayua aliuliza kama uzi utatoka kwa fundi au kwa karakana. Mwalimu alisema uzi ni wa karakana, na mkutano uliendelea kutoka hapo.

Walipotawanyika, alimwita Kanyiva chumba cha nyuma. Safari hii alimpa kiti chake, yeye akasimama mlangoni.

"Kama kila shati linajilipia," alisema, "sina haja ya mtu wa kuandika nani amefanya kazi na nani hajafanya. Muli atakagua pale pale anapopokea."

"Nilijua utasema hivyo."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijakuletea yale mashati."

Mwalimu alijikuna shingo. "Na bado ukaleta."

"Ni adhabu?" aliuliza Kanyiva.

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali lililoulizwa, kazi yake ilimzoesha hivyo. "Ni hesabu. Lakini nikisema hasira haimo, nitakuwa nimedanganya. Wewe ndiye uliyekuwa na jicho, na jicho lako halikuona miezi miwili."

"Halikuona kwa sababu nilikuwa natazama namba. Ndiyo kazi uliyonipa."

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ndiyo kazi niliyokupa."

Kanyiva aliomba cherehani, akapewa, kile cha pembeni ambacho zamani kilikuwa cha Nzisa. Kesho yake alikaa na vipande kumi mbele yake. Vidole vilikuwa vimesahau. Kola ya kwanza ilipinda, ya pili ikapinda upande mwingine. Jioni alikuwa na mashati sita, na Muli, akiwa ameinamisha uso kwa aibu, alimrudishia mawili. Kanyiva aliyafumua. Alitembea kwenda nyumbani akihisi mgongo, na alipofika alimwambia Kivuva idadi kabla hajaulizwa. Kivuva alisema sita ni bora kuliko kukaa.

Wiki ya tatu alifika nane. Katika mwezi wake wa pili alifika kumi, na hapo ndipo alipobaki. Alichopata kilikuwa chini ya mshahara wake wa zamani, karibu nusu. Mtoto wao mkubwa alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Kivuva alipata kazi ya wiki mbili ya kujenga choo cha shule huko Kathonzweni, na ndiyo iliyowavusha muhula ule.

Karakana haikufunga. Si wote waliobaki. Yule mwenye mtoto mchanga aliacha mwezi wa saba baada ya wiki yenye siku tatu bila stima, akaanza kuuza nyanya sokoni. Mwingine alikwenda kwa dada yake Kitui mjini. Shamso alichukua mashati yake yote na mara moja alituma salamu kwamba mifuko ya safari hii haichaniki. Mwalimu alisoma ujumbe huo kwa sauti, akatia simu mfukoni, akarudi kwenye meza ya kupigia pasi, maana siku hizo alikuwa akipiga pasi mwenyewe ili asilipe mtu.

Siku moja ya soko mwezi wa nane, Wayua alikuja kurudisha mashati, goti limefungwa kitambaa. Muli alikuwa na foleni, basi akaja kukaa kwenye benchi karibu na Kanyiva. Alimtazama akishona kwa muda mrefu.

"Unavuta kitambaa," alisema. "Usikivute. Kiache kiende chenyewe, wewe kielekeze tu."

Kanyiva alilegeza mkono. Mshono ulinyooka. Alishona kola ile mpaka mwisho, akakata uzi.

"Mwaitu, ulinikasirikia?"

"Nilikukasirikia," alisema Wayua. "Karibu wiki mbili. Halafu Syokau akaleta vipande, kazi ikawa nyingi, nikakosa nafasi."

Muli aliita jina lake. Wayua aliinuka kwa kushika bega la Kanyiva, akaenda kuhesabiwa mashati yake.